Draya inazunguka ila nguo zinatoka mbichi: anzia hapa kabla hujaita fundi

Juzi jumapili saa mbili usiku simu inaita, dada mmoja tunasali naye hapa Columbus, "Kaka samahani kwa usumbufu, ile draya yangu inazunguka vizuri tu ila nguo zinatoka mbichi, nimerudia mara tatu na watoto kesho shule." Nikamuuliza kitu kimoja tu, dada lile bomba la nyuma mara ya mwisho umelisafisha lini? Kimya. Afu akasema, "Bomba gani kaka?"

Hiyo simu mi naipata kila winta ikianza, kwahiyo nimeona bora niandike mara moja watu wasome. Wengi wetu tumekulia kwenye kamba na vibanio, hii mashine ya kukaushia nguo tumeikuta ukubwani na hakuna aliyetukalisha chini akatuambia kwamba inapumua, ina pua kwa nyuma, na ile pua ikiziba basi kila kitu kingine kinaanza kufa kimoja kimoja. Nitaongelea zaidi draya ya umeme ya hapa Marekani yenye bomba la kutoa hewa nje maana ndo tunayoishi nayo wengi, za gesi na zile za Uingereza zisizo na bomba nitazigusa huko mbele.

Kwanza mambo ya usalama na sitarudia. Chomoa plagi. Sio kuzima kwa kitufe, chomoa, maana hii mashine inavuta volti 240 na ule sio umeme wa kuchezea. Kama ni ya gesi na unasikia harufu ya gesi usiguse swichi yoyote, toka nje na watu wako wote ndo upige simu kampuni ya gesi ukiwa huko huko nje. Na kama umepanga na draya ni mali ya mwenye nyumba, mwandikie ujumbe aje aitengeneze, usifungue, ukiiharibu atakukata kwenye dipoziti na hautakuwa na la kujitetea. Vaa na glovu, mabati ya ndani yanakata kama wembe, mi nina alama kidole cha shahada mpaka leo.

Sasa uielewe kidogo. Draya inafanya vitu vitatu kwa pamoja, inazungusha pipa, inapasha hewa moto, na inapuliza ile hewa yenye unyevu itoke nje. Hapo kwenye umeme ndo pana siri ambayo ukiijua umeshaokoa hela nyingi: mota inatumia volti 120 tu, yani upande mmoja wa umeme, ila hita inataka pande zote mbili, 240. Kwahiyo ukipoteza ule upande ambao mota haiutumii taa itawaka, pipa litazunguka, saa itahesabu, kila kitu kinaonekana kizima kumbe moto hamna. Mtu anaagiza hita mpya anasubiri siku tano inafika anafunga bado baridi, kumbe shida ilikuwa ukutani.

Hatua ya kwanza, bomba, hata kama una uhakika sio bomba

Toa lile chujio la mlangoni au juu, ondoa zile pamba za kijivu. Hiyo kila mtu anajua. Ambacho wengi hawajui ni kwamba vile vikaratasi vya kunukia tunavyotupia ndani vinaacha utando kwenye nyavu ya chujio, kwa macho huuoni, ila lipeleke sinki ulimwagie maji, yakipita moja kwa moja safi, yakituama juu kama kwenye sahani basi hewa nayo haipiti. Lisugue na sabuni ya vyombo na mswaki wa zamani, likauke, rudisha.

Afu sogeza mashine mbele taratibu uangalie nyuma. Hapa nisimulie yangu. Mwaka wa kwanza nimehamia hii nyumba draya ikaacha kutoa moto, nikaangalia video nikanunua fyuzi ya joto, ile ndogo, kama dola 10 hivi, nikafunga mwenyewe nikajiona fundi. Wiki mbili imekufa tena. Nikanunua nyingine, nayo ikaenda siku tisa. Nikaanza kuwatukana wanaotengeneza hizo fyuzi mpaka siku shemeji yangu kaja kutembea, mtu wa umeme yule, akaivuta mashine tu bila kufungua chochote akaniita, "Shemeji njoo uone." Lile bomba la foili lilikuwa limebanwa na mashine ukutani limelala kama chapati. Hewa haina pa kutokea, joto linarudi ndani, fyuzi inakatika ili nyumba isiungue. Fyuzi ilikuwa shahidi, mi nikawa nafunga shahidi kila siku mwizi yuko nje anapeta.

Kwahiyo lichomoe bomba, litikise, pitisha brashi ndefu ile ya kusafishia bomba la draya, inauzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi na ina vijiti vya kuunganisha, unaweza hata kuifunga kwenye drili. Usishangae kitakachotoka. Nenda na nje ya nyumba kwenye kile kifuniko kinachofunguka hewa ikitoka, angalia kama kinacheza, maana ndege wanapenda kujenga humo kuna joto, na watu wengine wameweka wavu kuzuia panya, huo wavu utoe, unashika pamba zote.

Kama bomba lenyewe ni la plastiki nyeupe au foili laini linalokunjika kama akodiani, tupa, nunua la bati gumu au lile la alumini nusu gumu, upana inchi 4. Kanuni za ujenzi wa nyumba zinazotumika sehemu kubwa ya Marekani zinaruhusu futi 35 kwa jumla, na kila kona ya nyuzi 90 unatoa futi 5, kwahiyo bomba lenye kona tatu linabaki na futi 20 tu. Maungio yafunge na tepu ya foili, sio ile tepu ya kitambaa ya kijivu ambayo inaachia ikipata joto, na usipigilie skrubu ndefu zinazotokeza ndani, ile ncha itakusanya pamba mpaka iwe kama kiota. Nakazia hapa maana kila mwaka draya zinaunguza nyumba hapa Marekani na idara ya moto ya serikali kuu imeshasema sababu inayoongoza ni kutokusafisha, sio mashine kuwa mbovu.

Kuna jaribio moja zuri la kumaliza ubishi. Kwa draya ya umeme tu, narudia umeme tu maana ya gesi inatoa moshi wenye sumu, iache bomba halijaunganishwa, weka taulo moja bichi, washa dakika kumi. Kama sasa inakausha vizuri na hewa ya moto inatoka kwa nguvu nyuma basi mashine yako nzima, adui ni bomba. Kama hewa yenyewe inatoka dhaifu hata bila bomba basi feni ya ndani imejaa uchafu au imevunjika. Kama hewa ni ya nguvu ila baridi, endelea.

Na kabla hujaendelea, kamua nguo kwa mkono ile inayotoka kwenye mashine ya kufulia. Maji yakichuruzika basi mgonjwa ni ile ya kufulia haikamui, unamsingizia draya wa watu.

Hatua ya pili, breka

Nenda kwenye boksi la breka, zile swichi zinazokata umeme wa nyumba, tafuta ile pana ya pande mbili imeandikwa 30, yani ampea 30. Ndani yake ni breka mbili zimeunganishwa kichwa, na inaweza kukata huku kitufe kinaonekana kama kipo sawa kabisa, kwahiyo usiiangalie tu, isukume mpaka mwisho kuzima, usikie inagonga, afu irudishe kuwasha. Nimeshaenda nyumba ya mtu nikafanya hivyo tu, sekunde tatu, nikala pilau nikaondoka. Nyumba za kizamani zenye fyuzi za kuzungusha zinakuwa na mbili za draya, moja ikiungua unaweza kupata ule ugonjwa wa kuzunguka bila moto. Ila breka ikikata tena na tena usiilazimishe, kuna waya unagusana mahali.

Angalia na soketi na waya wa mashine. Pale nyuma waya unapoingia kuna kifuniko kidogo, kifungue (plagi iwe nje!) utaona skrubu tatu. Ikiwa moja imeungua nyeusi au plastiki imeyeyuka, tatizo lako ndo hilo, ilikuwa haijakazwa vizuri. Hii inawapata sana wanaonunua draya za mtumba mtandaoni, unakuta mashine ina plagi ya pini tatu na nyumba yako ina soketi ya pini nne, maana nyumba mpya zilihamia pini nne kuanzia kanuni za 1996. Unabadilisha waya wa mashine, sio soketi. Kwenye waya mpya wa pini nne, mweupe unakaa katikati, mwekundu na mweusi pembeni, wa kijani kwenye bati la mashine, na kile kibati kinachounganisha skrubu ya katikati na bati la mashine unakitoa. Ukichanganya mweupe na wa pembeni unaweza kuunguza kadi ya umeme inayoongoza mashine, na kadi ni bei mbaya. Kupima soketi yenyewe ikiwa na umeme, kama hujawahi, muachie fundi umeme, sitaki lawama.

Hatua ya tatu, mita

Hapa unahitaji multimita, kile kifaa cha kupimia umeme, hata ya dola 15, na kipimo ni kile cha om (ukinzani) au kile kinacholia njia ikiwa haijakatika. Chomoa plagi ya mashine. Kufungua kunategemea, nyingine unatoa bati la nyuma lote, nyingine chujio liko juu na chini yake kuna skrubu mbili ukizitoa unainua kifuniko cha juu kwa kupenyeza kisu cha kupakia putty kwenye pembe. Model namba iko kwenye stika ndani ya mlango, itafute mtandaoni na neno la kufungua utapata video ya mashine yako hiyo hiyo. Piga picha kila waya kabla hujachomoa. Kila waya. Utajishukuru.

Chomoa waya angalau mmoja kwenye kila kifaa unachopima, la sivyo mita inapima njia nyingine na inakudanganya.

Fyuzi ya joto ni kidude cheupe cha plastiki urefu kama wa kidole gumba, miguu miwili, imekaa kwenye njia ya hewa karibu na feni. Nzima inalia, om karibu na sifuri. Iliyokufa haisemi kitu. Haiponi ile, haina kitufe cha kurudisha, unabadilisha tu. Na hapa watu wanajichanganya: kwenye mashine nyingine hii fyuzi ikikatika moto tu ndo unapotea, kwenye nyingine mashine nzima haiwaki kabisa hata ukibonyeza mpaka kidole kiume. Kwahiyo "haiwaki" sio lazima mota imekufa.

Utaona video za watu wanaunganisha zile waya mbili moja kwa moja kuiruka fyuzi na kusema tayari. Usifanye. Ile ndo kinga iliyowekwa kati ya pamba kavu na hita inayowaka.

Kwenye boksi la hita kuna vidude viwili vya duara vya bati, thamostati ya kikomo na kikata joto, vyote kazi yake kukata moto joto likizidi. Vipime hivyo hivyo, vyote vinatakiwa kulia vikiwa baridi. Mara nyingi vinauzwa pamoja na badilisha vyote pamoja, usiwe bahili wa dola chache.

Afu hita yenyewe, ile koili ndefu kama ya jiko la umeme. Mguu kwa mguu inatakiwa isome kati ya om 8 na 12 hivi. Ikisoma hamna kitu basi imekatika, na ukimulika tochi mara nyingi utaona kabisa pale ilipoachana. Sasa kipimo ambacho wengi wanaruka: weka pini moja kwenye mguu wa hita na nyingine kwenye bati la boksi lake. Hapo isilie. Ikilia maana yake koili imelegea imegusa bati, na hita ya hivyo inaweza kuendelea kupata volti 120 na kuwaka hata ukiwa umezima mashine. Dalili yake unafungua mlango asubuhi unakuta pipa la moto na hakuna aliyefua. Ukiona hivyo chomoa plagi hapo hapo usisubiri wikiendi.

Kama vyote vizima na bado baridi, kuna swichi ndani ya mota inayoruhusu moto pale tu mota ikishika kasi, hiyo ikifa unabadilisha mota. Ikifika hapo mi huwa nawaambia watu wapige hesabu na umri wa mashine.

Haiwaki, haizunguki

Swichi ya mlango kwanza, fungua mlango ubonyeze kile kidude kwa kidole usikie kinasema tik, kisiposema kimekufa. Afu fyuzi niliyosema. Afu mkanda: zungusha pipa kwa mkono, likiteleza bure bila uzito wowote mkanda umekatika, na mashine nyingine zina swichi inayozima kila kitu mkanda ukikatika. Mkanda ni bei rahisi ila kuufunga kunasumbua mara ya kwanza, ile mifereji inaangalia pipa, unapita kwenye puli ya kukaza kwa mtindo wa zigizaga afu kwenye kichwa cha mota, na unalala chini sakafuni mkono mmoja umeingia huwezi kuona unachoshika. Vumilia. Ukishafunga zungusha pipa raundi mbili kwa mkono kabla hujawasha uone mkanda umekaa sawa.

Ikinguruma tu haianzi, na ukisaidia pipa kwa mkono inaondoka, mota inachoka. Ikinguruma na pipa gumu, kuna kitu kimekwama, soksi ya mtoto, sarafu, waya wa sidiria. Nishatoa waya wa sidiria kwenye feni mbele ya mume wa mtu, tulinyamaza wote.

Makelele

Kupiga pu pu pu mwanzoni afu kunapungua ni rola za pipa, vile vigurudumu vinavyolibeba, zimepata bapa. Mlio mwembamba kama panya ni puli ya kukaza au ekseli za rola. Kukwaruza kwa chuma ni zile pedi za mbele pipa linapotelezea zimeisha au kuna waya umechungulia. Usipulize oili ya kopo kwenye rola, mlio utanyamaza siku mbili afu oili itashika pamba na utakuwa na shida mbili, nunua seti ya rola, puli na mkanda ubadilishe kwa mkupuo maana umeshafungua tayari.

Inazima mapema nguo bado mbichi

Kama ukiiweka kwa dakika inakausha vizuri ila ukiiweka ijizimie yenyewe inakatisha mapema, angalia ndani ya pipa karibu na chujio kuna vibati viwili vyembamba sambamba. Ndo vinavyosikia unyevu. Vile vikaratasi tena vimevipaka utando, futa na kitambaa chenye spiriti au siki. Dakika moja, bure.

Wa gesi na wa Uingereza

Draya ya gesi inatumia volti 120 tu kwahiyo ile hadithi ya breka mbili haiwahusu. Ukichungulia chini utaona kiwashio kinakuwa chekundu kama kaa la moto, baada ya muda mfupi gesi inaingia inawaka. Kisipokuwa chekundu kabisa ni fyuzi au chenyewe kimekufa. Kikiwa chekundu afu kikazima bila moto, au mzigo wa kwanza unakauka wa pili unatoka baridi, ni koili za vali ya gesi, zinauzwa seti. Ila ukiwa na wasiwasi hata kidogo na gesi ita mwenye leseni.

Walioko Uingereza, Ujerumani na huko, mashine zenu nyingi hazina bomba la nje, maji yanaingia kwenye tangi. Tangi likijaa inagoma, limwage kila mzigo. Nyingi zina kondensa ya kuchomoa chini mbele, ipeleke bafuni ipige maji mpaka yatoke safi, na hiyo ndo kama bomba letu, ikiziba nguo zinabaki mbichi. Uingereza angalieni pia fyuzi ya ampea 13 iliyo ndani ya plagi yenyewe. Zile za kisasa zenye mfumo kama wa friji, safisha machujio tu, upande wa gesi ya friji sio wetu.

Kitu kimoja kinahusu wote: taulo na matambara yaliyolowa mafuta ya kupikia, au ya saluni na masaji, usiyaweke humo hata kama yamefuliwa. Mafuta yanabaki kwenye nyuzi na yakipata joto yanaweza kushika moto yenyewe hata baada ya mashine kuzimwa, yakiwa yamerundikwa kwenye kapu. Yanike.

Ukimaliza rudisha waya kwa kufuata picha zako, vuta pamba zote zilizojaa chini na vakyumu, unganisha bomba uache nafasi nyuma lisikunjwe, sukuma mashine taratibu huku mtu mwingine anamulika tochi pembeni. Weka taulo mbili bichi, washa, afu we mwenyewe toka nje hata kama ni baridi, nenda pale kwenye kifuniko weka kiganja. Yule dada nilimpeleka mpaka pale kwa simu, usiku ule ule, kavaa kanga juu ya jaketi. Akasema, "Kaka linafunguka, linatoa joto, na kuna kama sufi zinaruka." Nikamwambia aziache zimalizike kuruka ndo aingize nguo za shule.